Uhuru ya Malindi na siri ya nyota pacha

Wengi wetu tunaovuka Horohoro, kwa biashara au kurejea nyumbani, tunaijua pwani ya Kenya kwa bidhaa na watalii. Mimi nasema inastahili sifa nyingine. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, Waitaliano waliirusha satelaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru.

Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa huzizuia. Uhuru, ikiwa juu, iligundua kuwa Hercules X-1, nyota ndogo inayonyonya gesi ya mwenzake, hutoa mapigo kila sekunde 1.24.

Huyo mwenzake ni nani? Eksirei peke yake hazikutosha kujibu. Mwaka 1972 darubini za kawaida zilimtambua: HZ Herculis, anayeng'aa na kufifia kila siku 1.7, kwa kuwa upande mmoja huchomwa na eksirei za jirani yake. Satelaiti ya IUE, iliyorushwa 1978, ikaupima pia mwanga wao wa urujuanimno, usioonekana kwa macho.

Elimu hiyo ilipita mlangoni kwetu, tena kwa jina la Kiswahili. Watoto wa pande zote mbili za mpaka waelezwe.