Ndoo ya Maji ya Singida: Kemia ya Floraidi, Moto na Mkaa wa Mifupa

Mkoa wa Singida ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambayo baadhi ya visima vyake hutoa maji yenye floraidi nyingi, itokanayo na miamba ambamo maji hayo hupita. Kwa macho maji ni maangavu, na ulimi hauoni kasoro. Madhara huanza jino la mtoto likiwa bado ndani ya ufizi, hasa katika miaka 8 ya mwanzo. Jino linapochomoza na madoa ya kahawia, maji ya kulikinga yamekwisha kunywewa. Kiwango kikiwa kikubwa mno kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Shirika la Afya Duniani limependekeza kikomo cha miligramu 1.5 katika kila lita.

Familia nyingi huamini kwamba maji yaliyochemka yamekuwa salama kwa kila hali. Hesabu ya mimumunyo inayofundishwa sekondari yaonyesha vingine. Ichukuliwe kwamba kisima kina miligramu 3.8 kwa lita. Moli moja ya floraidi ina gramu 19, hivyo ukolezi huo ni milimoli 0.2 kwa lita, na ndoo ya lita 20 ina miligramu 76. Maji yakichemshwa hadi lita 2 zipotee kwa mvuke, floraidi haiondoki pamoja nao: miligramu 76 zilezile sasa zimo katika lita 18, yaani takriban 4.2 kwa lita. Vijidudu vimekufa, na kwa sababu hiyo kuchemsha kusiachwe. Ila floraidi imekolea zaidi.

Kuzimua hufuata hesabu hiyohiyo kinyumenyume. Miligramu 76 zikigawanywa kwa 1.5 hutoa karibu lita 51. Ndoo hiyo, basi, yahitaji lita 31 za maji ya mvua, ambayo kwa kawaida huwa na floraidi kidogo sana. Katika mkoa wenye msimu mmoja wa mvua, kiasi hicho si kidogo; kaya yenye tangi dogo hufanya vyema kuwawekea watoto wadogo maji ya mvua ya kunywa, na ya kisima yakafulia.

Njia nyingine ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochunguzwa kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha. Madini ya mfupa ni ya jamii moja na yale ya jino, nayo huipokea floraidi kutoka majini. Yaani kinachonasa floraidi ndani ya chujio ni kitu kilekile kinachoathirika kinywani.

Hapa ndipo kasi ya mmenyuko inapoingia. Mchemraba wa mkaa wenye upande wa sentimita 1 una eneo la uso la sentimita 6 za mraba. Ukikatwa vipande vya milimita 1, jumla huwa 60. Floraidi hunaswa haraka zaidi, lakini mkaa ukiwa unga kabisa maji hayapiti. Tena maji yakikimbizwa, huondoka kabla ya kugusana na mkaa vya kutosha. Kadiri nafasi za kupokea floraidi zinavyojaa, kasi hushuka, na hatimaye mkaa huacha kufanya kazi bila kubadilika rangi wala harufu. Kwa hiyo maji yanayotoka chujioni hupimwa mara kwa mara, na mkaa uliochoka hubadilishwa.