Kabla ya Kamera, Chagua Maunti

Mpiga picha wa Kisegi anayeishi kwa kazi za mazishi, harusi na mahafali za Homa Bay na Migori hununua kamera kwa mkupuo, kisha lenzi mojamoja kadiri malipo yanavyoingia. Kwa hiyo uamuzi mzito kwake ni maunti, ile pete ya chuma inayoshika lenzi. Kamera huchakaa mapema. Lenzi nzuri huhudumia hata kamera tatu.

Kwenye kamera zisizo na kioo zenye sensa ya milimita 36 kwa 24, maunti nne ndizo zinazogombea soko. Sony ilitangulia mwaka 2013 ilipotoa A7 yenye maunti ya E. Mwaka 2018 Nikon ikaja na Z, Canon na RF, nazo Leica, Panasonic na Sigma zikaungana kutumia maunti ya L.

Wauzaji hupenda kutaja upana: Z milimita 55, RF 54, E takriban 46. Upana humrahisishia kazi mbunifu wa lenzi, lakini bwana harusi hatauona kwenye albamu yake. Linalogusa mfuko ni nani ameruhusiwa kutengeneza lenzi. Sony iliwafungulia wengine vipimo vya E mwaka 2011, na leo lenzi za f/2.8 za Tamron na Sigma huuzwa chini ya bei ya zile za Sony yenyewe. Canon ilibana RF kwa miaka. Ruhusa iliyotangazwa 2024 kwa Sigma na Tamron ilihusu lenzi za sensa ndogo.

Mwenye lenzi za zamani ana hesabu nyingine. Lenzi za Canon EF, zilizoanza 1987, hujilenga vizuri kwenye RF kupitia adapta. Kwa Nikon, adapta ya FTZ huendesha zile za AF-S, ila za AF-D, zisizo na mota ndani, lazima uzilenge kwa mkono huku jeneza likipita mbele yako.

Ushauri wetu: mwenye EF abaki Canon, mwenye AF-S abaki Nikon, anayeanza mikono mitupu aitazame E kwanza. Lakini kabla ya kulipa, awaulize wapiga picha wenzake wanatumia maunti gani. Jumamosi yenye kazi mbili, lenzi ya kuazima kwa jirani ndiyo itakayookoa malipo ya siku hiyo.