Kura Tatu: Elimu ilipoingia Barazani

Mpiga kura wa Tanganyika mwaka 1958 alikabidhiwa kura tatu kwa mpigo: ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu. Ilimlazimu azitumie zote. Akimchagua Mwafrika peke yake, karatasi yake ilihesabika kuwa imeharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 20,000, lakini tangu mwaka 1955 kila kundi lilikuwa na viti 10 vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria.

Hata hiyo kura haikuwa ya kila mtu. Ilitakiwa uwe na elimu ya kiwango fulani, kipato kilichowekwa na sheria, au wadhifa unaotambuliwa. Na elimu yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja na fungu lake. Fungu la mtoto wa Kizungu lilizidi mno la mtoto wa Kiafrika. Serikali ilimnyima mtu shule, kisha ikamnyima kura kwa kuwa hakusoma.

Ndiyo maana wengi waliokwenda kwenye mkutano wa TANU, chama kilichodai uhuru, mjini Tabora, Januari 1958, walitaka chama kisusie uchaguzi. Julius Nyerere, mwalimu aliyesoma Tabora, Makerere na Edinburgh kabla ya kuacha kazi ya ualimu kwa ajili ya siasa, aliwasihi waingie. Kususa, alieleza, ni kuwaachia viti wapinzani wa TANU. Hoja yake ilipita, ingawa Zuberi Mtemvu alijitoa na kuanzisha chama chake.

Kazi ya chama mitaani haikuwa ya wasomi peke yao. Bibi Titi Mohamed, mwenye elimu ya msingi tu, alipita kwenye vikundi vya ngoma vya kina mama wa Dar es Salaam akiwaingiza uanachama. Wengi wao hawakuwa na sifa za kupiga kura, lakini michango na umati wao ndivyo vilivyokipa chama nguvu.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU iliunga mkono pia Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, akiwemo Sophia Mustafa wa Arusha, na wagombea wake wakashinda. Masharti yaliyotungwa kuwagawa watu kwa rangi yakawaleta barazani watu wa rangi tatu wenye dai moja: uhuru.

Matunda yalionekana mapema. Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza nchini kilianza kufundisha sheria ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Uhuru ukaja Desemba 9 mwaka huo, na Januari 1962 utaratibu wa shule za rangi ukafutwa.

Cheti humwinua aliyekipata. Sheria ya shule humwinua hata mtoto ambaye hajazaliwa, na sheria hutungwa na waliomo ndani ya ukumbi. Kwa hiyo tunaposhangilia kijana wetu kufaulu, tumuulize pia atakwenda kukaa kwenye kikao gani, na huko atamsemea nani. Kamati ya shule, baraza la madiwani, bunge: popote fungu la elimu linapogawanywa, pawepo mtu anayejua kwa maisha yake maana ya kupewa kidogo.