Joto la Ibaba Linakwenda Wapi Usiku?

Mkulima wa Ibaba, huko milimani Ileje, Tanzania, hahitaji kipimajoto kujua usiku upi utakuwa mkali. Jioni ya Juni au Julai akiona anga limetakata, nyota zimejaa na upepo umetulia, anajua alfajiri maji ya kunawa yatauma vidole. Wingu likitanda, usiku unavumilika. Wazee walilijua hilo zamani. Aliyepata sababu yake kwa kupima ni John Tyndall, mtoto wa polisi wa kijijini, aliyezaliwa Ireland mwaka 1820.

Tyndall alianza kazi kama mpima ardhi. Alipima njia za reli wakati Uingereza inazijenga kwa pupa, akafundisha shule, kisha mwaka 1848, akiwa na miaka 28, akaenda Marburg, Ujerumani, kusoma kwa mkemia Robert Bunsen. Mwaka 1853 akawa profesa katika Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, alikofanya kazi pamoja na mwanasayansi Michael Faraday. Likizo zake alizimalizia kwenye milima ya Alps, na mwaka 1861 alikuwa katika kundi la kwanza kufika kilele cha Weisshorn. Mtu wa milimani anaijua baridi, na nadhani ndiyo maana swali lake lilikuwa zuri. Mchana ardhi hupokea joto la jua; usiku hulirusha kuelekea juu kwa miale isiyoonekana. Je, hewa huiacha miale hiyo ipite, au huikamata?

Mwaka 1859 alitengeneza kifaa cha kulijibu swali hilo. Alichukua bomba la shaba lenye urefu wa zaidi ya mita moja. Ncha zake hakuziziba kwa kioo, kwa kuwa kioo huzuia miale ya joto. Aliziziba kwa vipande bapa vya chumvi ya mawe vilivyong'arishwa. Upande mmoja aliweka chombo cha maji yanayochemka. Upande wa pili aliweka kihisi kinachogeuza joto kuwa umeme mdogo, na umeme huo ukasukuma sindano. Nyuma ya kihisi akaweka chombo kingine cha maji yanayochemka, ili joto la mbele na la nyuma lilingane na sindano isimame kwenye sifuri. Hapo ndipo penye ustadi wake: gesi iliyomo bombani ikikamata joto kidogo tu, mizani inavunjika na sindano inahama.

Alinyonya hewa yote bombani, akaingiza gesi moja baada ya nyingine. Kwa oksijeni na nitrojeni, ambazo ndizo karibu hewa kavu yote tunayovuta, sindano haikutikisika ila kidogo sana. Gesi ya makaa ya mawe, iliyowasha taa za London enzi hizo, iliisukuma mbali. Hewa ukaa nayo ilikamata joto. Mvuke wa maji ndio ulioshangaza zaidi: hewa ya kawaida ya chumbani, pamoja na unyevu wake, ilizuia joto zaidi ya mara 10 kuliko hewa iliyokaushwa. Mvuke ni sehemu ndogo mno ya hewa, lakini ndio blanketi letu la usiku. Tyndall aliwaambia Waingereza kwamba ukiondolewa usiku mmoja tu wa kiangazi, mimea yote isiyostahimili barafu ingekufa.

Basi Ibaba iko juu, hewa ni nyepesi, na wakati wa kiangazi mvuke ni haba. Joto la shamba linaondoka bila kizuizi kikubwa. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko chini na hewa yake imejaa unyevu, ndiyo maana usiku wake hauna baridi hiyo. Mwinuko una mchango wake mkubwa, sikatai, lakini mwinuko wa Ibaba haubadiliki kati ya Jumatatu na Jumanne. Kinachobadilika ni mvuke, wingu na upepo. Anayefunika kitalu kwa nyasi jioni ya anga safi anatumia kanuni hiyo hiyo: nyasi hukamata joto linalotoka udongoni na kurudisha sehemu yake kwa miche.

Tyndall alifariki mwaka 1893 baada ya mkewe, Louisa, kumpa kwa bahati mbaya dawa ya usingizi badala ya dawa ya tumbo. Sifa zake zinamstahili, ila si zote. Mwaka 1856, Marekani, Eunice Foote aliweka mitungi ya kioo juani na kuonyesha kuwa ule wenye hewa ukaa ulipata joto kuliko mingine. Foote hakutenganisha miale ya jua na miale ya ardhi, na hapo Tyndall alimpita. Lakini Foote alitangulia, na kwa zaidi ya karne moja karibu hakuna aliyemtaja. Mwalimu wa fizikia anayemfundisha Tyndall amfundishe na Foote.

Makaa ya mawe yanachimbwa Kabulo, humo humo Ileje. Yakichomwa, popote pale, hutoa hewa ukaa, gesi iliyosukuma ile sindano. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, zipatazo 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420.