Sufuria ya Maharage: Mkaa, Gesi au Umeme?

Ukitaka kujua nishati ipi ni nafuu Dar es Salaam, pima kwa sufuria ya maharage, maana ndiyo inayomaliza mkaa.

Tuseme kopo la mkaa mtaani kwako ni shilingi 1,500 na linaivisha sufuria moja. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijazwa kwa 24,000, na jiko likila gramu 150 kwa saa, saa mbili ni 1,200. Jiko la presha la umeme lina wati 1,000 hivi, ila likishapata moto hujizima na kujiwasha lenyewe. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa takriban nusu uniti. Uniti ya TANESCO kwa mteja wa kawaida ni shilingi 292, ukiweka kodi na tozo 356. Nusu yake 178.

Usilichanganye na jiko la koili. Hilo, kwa wati hizohizo, likiwaka saa mbili mfululizo linakula uniti mbili, shilingi 712.

Mbona basi mkaa bado unatawala? Kwa sababu kopo hununuliwa kwa hela ya leo, na jiko la presha linataka laki na ushee kwa mkupuo. Ukilipata kwa 120,000, ukilinganisha na mkaa linarudisha gharama baada ya sufuria 91. Kwa anayepika maharage mara tatu kwa wiki, ni miezi saba. Mimi ningelinunua, na mtungi mdogo wa gesi ningebaki nao kwa chapati, ugali na siku umeme unapokatika. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini transfoma ya mtaa ikielemewa jioni, megawati hizo hazikufikii jikoni.

Aliye D1, kundi la TANESCO la watumiaji wadogo wa umeme, ana nafuu zaidi, uniti shilingi 100 kabla ya kodi, ila achunge: akivuka uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi ni 350.

Anayeumia ni mpangaji. Vyumba sita, mita moja ya LUKU, mchango sawa kwa wote. Atakayeonekana na jiko la umeme hugombezwa, na wenye nyumba wengi hulipiga marufuku kabisa. Kabla hujatoa laki yako, kaa na mwenye nyumba mkubaliane kufunga mita ndogo ya chumba chako, na fundi akague nyaya na soketi. Akikataa, nunua gesi.