Kijana Anapobadilika: Dalili za Mapema za Hatari ya Saikosisi

Saikosisi ni hali ya akili inayomfanya mtu ashindwe kutenganisha yaliyopo na yasiyokuwapo. Huenda akasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akaamini bila sababu kwamba anafuatiliwa. Mara nyingi huanza katika ujana, na aghalabu haiji ghafla. Kabla yake huweza kupita miezi, hata miaka, ambamo maisha ya kila siku ya kijana hulegea kidogo kidogo. Huo ndio wakati ambao msaada hufaa zaidi, na watu wa nyumbani ndio wanaouona kwanza.

Mabadiliko ya kuangalia

• Masomo yameshuka, au ameacha kazi bila sababu inayoeleweka.
• Amejitenga na marafiki, na hakai tena kula pamoja na jamaa.
• Hajali kuoga wala kubadilisha nguo.
• Hukesha usiku na kulala mchana.
• Ana shaka na watu, au huona maneno ya televisheni yanamhusu yeye.

Msimlinganishe na ndugu zake wala na watoto wa jirani. Mlinganisheni na alivyokuwa yeye mwenyewe hapo awali. Mabadiliko haya mara nyingi huitwa uvivu, utovu wa adabu au kuharibiwa na ugenini, na kijana huishia kukemewa badala ya kusaidiwa.

Je, maana yake amerukwa na akili?

La. Vijana wengi wanaoonekana kuwa katika hatari hawafikii saikosisi. Hata hivyo, upweke, wasiwasi na kukwama kimasomo ni mzigo wa kutosha wa kuombewa msaada.

Msaada unaopatikana Uingereza

Anzeni kwa daktari wenu wa familia, yaani GP. Kujiandikisha kwake ni bure, na hati za uhamiaji si sharti. Mwelezeni mambo mliyoyaona: siku alizokosa shule, saa anazolala, watu aliowaacha. Anaweza kumpeleka kijana kwa timu inayoshughulikia saikosisi mapema. Akishukiwa kuwa amepatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza, lengo la NHS ni matibabu yaanze ndani ya wiki 2.

Aliye katika hatari tu hupendekezewa tiba ya mazungumzo, pengine pamoja na familia yake. Dawa za saikosisi hazitolewi kwa ajili ya kuzuia hatari hiyo.

Mna haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Tafadhali msimtumie mtoto kutafsiri. Kijana mkubwa anaweza kuomba mazungumzo yake yawe siri. Hilo halimzuii mzazi kumweleza daktari aliyoyaona.

Dua na maombi yanaweza kwenda sambamba na matibabu. Lakini kijana asifungwe, asipigwe, wala asinyimwe chakula kwa jina la kumwagua.

Nyumbani

• Zungumzeni naye kwa upole. Msibishane naye juu ya anayoyasikia, wala msijifanye kuyasikia. Mwambieni: "Naona yanakutisha. Niko pamoja nawe."
• Mpeni majukumu madogo ya kila siku: kuosha vyombo, au kwenda dukani pamoja nanyi.
• Msaidieni alale na kuamka kwa saa zilezile.
• Mwelezeni kwamba bangi, hasa iliyo kali, huongeza hatari ya saikosisi, na kwamba mirungi humnyima usingizi.

Wakati wa dharura

Akizungumzia kujiua, au mkihofia usalama wake lakini maisha hayamo hatarini papo hapo, pigeni simu 111 na kuchagua 2, saa yoyote ya usiku au mchana. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, pigeni 999. Mtamke neno "Swahili" ili mtafutiwe mkalimani.

Msingoje mpaka aanze kusikia sauti. Mkiona maisha yake ya kila siku yanaporomoka, hiyo ni sababu tosha ya kumwona daktari.