Kusema shida yako si kukosa imani



Tumelelewa kujibu salamu kwa shukrani. Mtu amelazwa Hospitali ya Maweni, lakini ukimuuliza hali atasema, "Sijambo, namshukuru Mungu." Ni adabu njema. Ila adabu hiyo ikiingia kwenye dodoso la kuomba msaada, huumiza.

Chukua mfano wa mama mwenye ulemavu wa miguu hapa Mwandiga. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na TASAF, huanzia kwenye mkutano wa kijiji ambako majina ya kaya hutajwa. Baadaye kaya huhojiwa na dodoso hujazwa. Mama akiulizwa kama anatembea, anajibu, "Natembea, kwa neema ya Mungu." Inaandikwa: anatembea. Haiandikwi kwamba kufika sokoni hupumzika mara tano, kwamba hawezi kubeba ndoo ya maji, kwamba chooni hushikwa mkono na mjukuu, wala kwamba akienda Kigoma mjini, kesho yake hushinda kitandani.

Soma Yohana 5:1-9. Kwenye birika la Bethzatha alikuwapo mtu aliyeugua miaka 38. Yesu alipomuuliza kama anataka kupona, hakujibu kwa neno moja. Alieleza kwamba maji yakitibuliwa hana mtu wa kumtia birikani, na kila akijaribu kwenda, mwingine humtangulia. Alitaja asichoweza, msaada anaoukosa na hasara anayoipata. Bwana hakumkemea kwamba analalamika. Alimponya.

Basi nawe ukiulizwa, eleza siku zako zote, si ile nzuri peke yake. Sema unafika wapi kabla ya kupumzika, unashikwa na nani, unaanguka lini, na mvua ikinyesha inakuwaje. Usiongeze chumvi, maana amri ya kutoshuhudia uongo haijafutwa. Lakini kuficha nusu ya shida nako si kusema kweli. Anayekuhoji haoni usiku wako, anaandika ulichomwambia.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Asiyeweza kutembea ndiye anayeweza kukosa mkutano ambao jina lake lilipaswa kutajwa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, lakini sheria haimwinui mtu kitandani ikamfikisha mkutanoni. Wazee wa kanisa, mkutano wa kijiji ukitangazwa, nani atamlipia bodaboda? Nani atakaa karibu naye akihojiwa, amkumbushe kwa upole yale anayoona haya kuyasema?

Yule wa Bethzatha alisema hana mtu. Isiwe aibu yetu kwamba mshirika wa Mwandiga anasema maneno hayo hayo, na kila Jumapili tunakaa naye benchi moja.

Jumapili njema.